Tuta la Marigoldi Sapiwi: Kilimo cha Maua na Afya ya Macho

Mama yangu anaishi Sapiwi, katika Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mbele ya nyumba yake, baina ya mlango na mwembe, lipo tuta moja lenye urefu wa hatua saba. Kila mwaka mvua zinapoanza hulipanda maua ya marigoldi kwa mbegu alizozikusanya mwenyewe msimu uliotangulia. Majirani hulima pamba, mahindi na viazi vitamu. Yeye pia hulima hivyo vyote, lakini tuta lile amelitenga kwa ajili ya maua, na hakuna mbuzi wala mjukuu anayeruhusiwa kulikanyaga.

Mimi ni daktari bingwa wa macho. Kwa zaidi ya miaka kumi nimewafundisha wanafunzi namna ya kupima presha ya macho, na nimewaeleza wagonjwa wengi kwamba ugonjwa huo huiba uoni kimyakimya. Hata hivyo, kilichonijulisha kwamba mama yangu mwenyewe anaibiwa uoni hakikuwa chombo cha hospitali. Lilikuwa lile tuta la maua.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, nami nimekwenda nyumbani kwa mapumziko mafupi. Nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe nikimtazama akipalilia. Mikono yake ilikuwa na uhakika uleule wa siku zote. Lakini upande wa kulia wa tuta miche mingi ilikuwa imekanyagwa, na mingine imeng'olewa pamoja na magugu, ilhali ya katikati ilisimama bila kasoro.

“Mayu,” nilimuuliza, “mbona huku umeng'oa maua?”

“Wapi huko, ng'wanawane?” alinijibu, akigeuza shingo yote kutafuta mahali nilipokuwa nikionesha.

Nilimwomba anitazame usoni, nikasogeza kidole changu kutoka pembeni. Kidole kilifika karibu na pua ndipo alipokiona kwa jicho la kulia. Wiki iliyofuata vipimo vilithibitisha nilichokwisha kukihofia: glaukoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya upeo wake. La kushoto lilikuwa limebakiwa na uoni mzuri wa katikati. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki hulindwa kwa matone ya kila siku, na wakati mwingine kwa upasuaji.

Nilipomaliza kumweleza, hakuniuliza kuhusu dawa. Aliuliza, “Je, nitaendelea kupanda maua yangu?” Makala haya ni jibu la swali hilo. Nimeyaandika kwa ajili yake, kwa ajili ya wagonjwa wengine wenye uoni hafifu, na kwa watoa huduma wenzangu ambao huulizwa swali kama hilo na mara nyingi hukosa la kusema.

Ua hili ni lipi?

Marigoldi ni jina la jumla la mimea ya jenasi Tagetes, iliyomo katika familia moja na alizeti na pareto. Asili yake ni Bara la Amerika, hasa Mexico na nchi zilizo jirani, ambako tangu kale limetumika katika ibada na mapambo. Aina mbili hupandwa zaidi majumbani. Ya kwanza ni Tagetes erecta, yenye shina refu na maua makubwa ya duara, ya njano au ya rangi ya machungwa. Waingereza huiita marigoldi ya Afrika ingawa haikuanzia Afrika. Ya pili ni Tagetes patula, fupi na yenye matawi mengi, ambayo petali zake aghalabu huchanganya njano na wekundu wa kutu.

Yuko pia ndugu yao wa tatu, Tagetes minuta, ambaye mkulima wa Afrika Mashariki humfahamu kama gugu. Watu wengi humwita bangi mwitu kwa sababu ya majani yake yaliyochanika na harufu yake kali, ingawa hana uhusiano wowote na bangi. Vilevile msomaji asichanganye mimea hii na kalendula, ambayo kwa Kiingereza nayo huitwa marigoldi. Kalendula ni jenasi nyingine, na ndiyo hutumika kutengenezea baadhi ya marhamu za ngozi.

Kwa nini ua hili humfaa mtu mwenye uoni hafifu? Kwanza, rangi yake hutofautiana sana na udongo na majani, na macho yaliyodhoofika huhitaji utofauti mkubwa wa rangi ili kutambua kitu. Pili, majani yake yana harufu ambayo humwongoza mtu hata asipoona. Tatu, mbegu yake ni ndefu, nyembamba, nyeusi upande mmoja na yenye mkia mweupe upande wa pili. Vidole huitambua bila msaada wa macho. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, hupotea kiganjani. Mbegu ya marigoldi haipotei.

Kuandaa udongo na kitalu

Wasukuma wana majina ya udongo ambayo mtaalamu yeyote wa kilimo angeyaheshimu. Luseni ni udongo wa kichanga ulio rahisi kulima. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Marigoldi hustawi katika luseni iliyochanganywa na samadi kidogo. Katika mbuga mizizi hukosa hewa na kuoza, kwa hiyo inua tuta kiasi cha sentimita 20 hadi 30, kisha changanya udongo na mchanga pamoja na samadi iliyokwisha kuiva. Usizidishe samadi. Mmea uliolishwa kupita kiasi huota majani mengi na maua machache. Tuta liwe mahali panapopata jua kwa angalau saa sita kwa siku.

Huko Simiyu mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, huku kukiwa na kipindi cha ukavu katikati. Kusia mbegu mwanzoni mwa mvua humwezesha mmea kukua bila kumwagiliwa sana. Wenye kisima karibu wanaweza kusia wakati mwingine, lakini pawe na mpangilio: maji ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa uso huja kwanza. Maua yapewe maji yaliyooshea mboga au kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi.

Hatua za kusia ni hizi. Lainisha udongo wa kitalu, uwe katika sanduku la mbao, beseni lililotobolewa chini au kona ya tuta. Chora mifereji yenye kina kisichozidi sentimita moja. Laza mbegu ndani yake kwa nafasi ya sentimita mbili au tatu, kisha zifunike kwa udongo mwembamba na uunyunyizie maji taratibu. Funika kitalu kwa nyasi kavu chache ili unyevu usitoroke. Katika joto la kwetu mbegu nzuri huanza kuchipua baada ya siku nne hadi saba. Zilizokawia zinaweza kufika wiki mbili. Mara tu chipukizi za kwanza zinapoonekana, ondoa nyasi, la sivyo miche itarefuka kwa kutafuta mwanga na kulegea.

Adui mkubwa wa kipindi hiki ni maji mengi. Mche unaooza shinani na kuanguka kana kwamba umekatwa kwa wembe umeshambuliwa na ukungu wa udongo unaopenda unyevu. Mwagilia asubuhi, gusa udongo kwa kidole kwanza, na ukiukuta bado una unyevu, acha.

Kuhamisha, kutunza na kuvuna mbegu

Mche wenye jozi mbili za majani halisi, mbali na yale majani mawili ya kwanza ya kuchipua, uko tayari kuhamishwa. Fanya kazi hiyo jioni, jua likiwa limepungua ukali. Chimbua mche pamoja na udongo wake, ushike kwa jani na si kwa shina, uupande katika kina kilekile. Aina fupi iachiwe nafasi ya sentimita 20 hadi 25, aina ndefu sentimita 30 hadi 45. Mche ukifikia urefu wa kiganja, kata ncha yake ya juu ili utoe matawi ya pembeni.

Aina fupi huanza kuchanua takriban wiki nane baada ya kusiwa. Aina ndefu huweza kuchukua miezi miwili na nusu au mitatu. Maua yanayonyauka yaondolewe, kwani mmea usiopewa nafasi ya kuzaa mbegu huendelea kuchanua. Inapokaribia mwisho wa msimu, acha maua makubwa na yenye afya yakauke juu ya shina. Kikombe cha ua kikiwa cha rangi ya kahawia na kikavu, kikate, kipasue kwa vidole, utazame shada la mbegu likifunguka. Zianike kivulini kwa siku kadhaa, uzitunze katika bahasha ya karatasi au kitambaa kikavu, mbali na panya na unyevu. Zikitunzwa hivyo huweza kuota hata baada ya miaka miwili.

Tahadhari moja: mbegu chotara za dukani huzaa maua mazuri, lakini mbegu zitakazotokana na maua hayo huweza kutoa mimea isiyofanana na mama yake, na baadhi ya machotara hayazai mbegu kabisa. Anayetaka kujitegemea aanze na mbegu ya kawaida kutoka kwa jirani.

Yapo manufaa mengine kwa mwenye bustani ya mboga. Mizizi ya marigoldi hutoa kemikali zinazodhuru minyoo fundo, ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ambayo husababisha vinundu katika mizizi ya nyanya, bamia na biringanya. Lakini mimea mitatu iliyopandwa pembezoni kwa mapambo haitoshi. Marigoldi hupaswa kupandwa kwa wingi katika eneo lote kwa takriban miezi miwili, kisha mboga zifuate hapohapo.

Bustani ya mtu asiyeona vizuri

Tulipoanza upya na mama, tulibadili mambo machache tu. Tuliweka mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka tuta, kwa sababu weupe huonekana hata na jicho lililochoka. Tulikata fimbo ya sentimita 30 ambayo huilaza juu ya udongo kupimia nafasi kati ya mche na mche. Tulivuta kamba kati ya vigingi viwili, naye hupanda akiifuata kwa mkono. Kila kilichomo ndani ya mstari wa kamba ni ua. Kilicho nje ni gugu. Jembe dogo lina mpini uliofungwa kitambaa cheupe, ili asilipoteze majanini.

Tulimfundisha pia jambo ambalo kila mgonjwa wa glaukoma anapaswa kufundishwa: kugeuza kichwa polepole upande wa kulia, kisha wa kushoto, kabla ya kupiga hatua au kunyoosha mkono. Mtu aliyepoteza uoni wa pembeni haoni giza pale penye pengo. Ubongo hulijaza pengo hilo, naye huamini kwamba anaona kila kitu. Ndiyo maana mama yangu alikanyaga miche yake bila kujua, na ndiyo maana wagonjwa wengi hufika kwetu wamechelewa.

Sidai kwamba bustani inatibu glaukoma. Haitibu. Lakini nimewaona wagonjwa ambao, wakishaambiwa kwamba uoni uliopotea haurudi, huacha kutoka nje, huacha kupika, na hatimaye huacha hata dawa, kwa kuwa hawaoni sababu ya kulinda kilichobaki. Mama huweka matone yake kila jioni baada ya kumwagilia maua. Tuta ndilo humkumbusha.

Yaliyo kweli na yasiyo kweli

Kwa kuwa ua hili lina sifa nyingi vijijini na mijini, ni vema nieleze yale ninayoulizwa mara kwa mara.

Je, marigoldi huongeza nuru ya macho? Petali za Tagetes erecta zina luteini kwa wingi, nayo ni rangi ya njano ya kundi la karotenoidi. Viwanda hukamua luteini hiyo kutengenezea vidonge, na huitia katika chakula cha kuku ili kiini cha yai kiwe cha njano iliyokolea. Ni kweli pia kwamba luteini hupatikana katikati ya retina, katika sehemu iitwayo doa la njano, ambayo hutuwezesha kusoma na kutambua sura. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013, ujulikanao kama AREDS2, uliwahusisha watu zaidi ya 4,000 waliokuwa katika hatari ya kuchakaa kwa doa la njano kutokana na uzee. Miligramu 10 za luteini pamoja na miligramu 2 za zeazantini zilionekana kuwa mbadala salama wa beta-karotini, hasa kwa wavutaji wa sigara na waliowahi kuvuta. Dawa hiyo haikuwa tiba ya glaukoma wala ya mtoto wa jicho. Luteini ya kawaida ya mwili tunaipata katika mchicha, matembele na majani ya kunde, yakipikwa kwa mafuta kidogo.

Je, luteini ni vitamini A? Hapana, na kosa hili lina madhara. Mwili hauwezi kuigeuza luteini kuwa vitamini A. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini hiyo, anayeshindwa kuona jioni au mwenye macho makavu, hatasaidiwa na petali za ua. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinga yake ni matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chanjo ya surua, na chakula chenye beta-karotini kama viazi lishe vya rangi ya machungwa, maembe mabivu na mboga za majani. Anayetengeneza michembe kutokana na viazi lishe avianike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hupunguza beta-karotini.

Je, maji ya ua yanaweza kudondoshwa machoni? Kamwe. Maji yaliyokamuliwa kutoka katika petali au majani si safi. Huweza kubeba vimelea na kemikali zinazochoma. Katika utafiti wa watoto wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho, uliochapishwa mwaka 1987 na Allen Foster na Alfred Sommer, dawa za kienyeji za macho zilikuwa miongoni mwa visababishi, sambamba na surua na upungufu wa vitamini A. Kidonda cha kioo cha jicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu hilo ni upofu wa maisha. Simdharau mganga wa kienyeji wala bibi anayempenda mjukuu wake. Naomba tu kwamba jicho liachwe. Jicho jekundu linalouma lioshwe kwa maji safi na mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu.

Je, marigoldi hufukuza mbu wa malaria? Usiitegemee. Ua linalotoa sumu maarufu ya wadudu ni pareto, linalolimwa katika nyanda za juu, na hata hilo hufanya kazi baada ya kusindikwa. Tuta la marigoldi mbele ya nyumba haliwezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa.

Hatari za bustani kwa macho

Bustani ni mahali pa amani, lakini jicho lina hatari zake pale. Nitataja nne.

Ya kwanza ni utomvu wa mnyaa. Usukumani watu wengi huzungushia uzio wa minyaa ili mifugo isiingie. Tone moja la utomvu wake mweupe likiingia jichoni huunguza kioo cha jicho, na maumivu huzidi saa chache baadaye. Anayekata minyaa avae miwani ya kujikinga, asimame upande unakotokea upepo, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso.

Ya pili ni viuatilifu. Dawa ya pamba haikutengenezwa kwa ajili ya mboga wala maua ya nyumbani, na chupa yake isigeuzwe kuwa chombo cha maji au mafuta. Ikiingia jichoni, au utomvu wa mnyaa ukiingia, huduma ya kwanza ni moja: osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda kituo cha afya ukiwa na chupa au kibandiko cha dawa husika. Usisubiri kwenda hospitali ndipo uoshwe.

Ya tatu ni kuchomwa na jani, bua au kijiti. Jeraha dogo la mmea huweza kuingiza kuvu ndani ya kioo cha jicho. Kidonda cha kuvu huanza polepole, na matone yenye steroidi, ambayo watu hununua dukani bila cheti kwa kuwa huondoa wekundu haraka, hukifanya kiwe kibaya zaidi. Steroidi hizohizo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya macho na kuleta glaukoma.

Ya nne huhusu ngozi. Utomvu wa marigoldi huwasha ngozi za baadhi ya watu, hasa palipopigwa na jua. Mwenye mzio wa mimea ya jamii hii avae glavu, na kila mtu anawe mikono kabla ya kuweka matone ya macho.

Neno kwa watoa huduma

Utafiti wa vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glaukoma kwa takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Wengi wao hawakuwa wakijua. Hakuna sababu ya kudhani kwamba vijiji vingine vya Tanzania viko salama.

Kwa hiyo mhudumu aliye zahanati asisubiri mgonjwa alalamike. Mtu mwenye miaka 40 na zaidi, hasa mwenye mzazi, kaka au dada aliyepofuka, apewe rufaa ya kupimwa presha ya macho na mshipa wa fahamu wa jicho. Pima uoni wa pembeni kwa kidole, kama nilivyofanya chini ya mwembe. Kipimo hicho hakigharimu chochote, ingawa kikitoa jibu zuri hakiondoi haja ya vipimo kamili. Kabla ya kumpa mgonjwa matone ya timololi, uliza kuhusu pumu na mapigo ya moyo yaliyo ya polepole, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuhatarisha maisha ya mwenye matatizo hayo. Mweleze kwamba matone hayataongeza uoni, ila yanalinda uliobaki. Asipoambiwa hivyo ataona dawa haifanyi kazi na kuiacha. Mwoneshe namna ya kuweka tone, kisha mwombe aliweke mbele yako. Na ulizia anapenda kufanya kazi gani nyumbani. Jibu lake litakuonesha anachohitaji kuendelea kukiona.

Mbegu za mwaka huu

Nilirudi Sapiwi mwezi Mei. Tuta lilikuwa limekwisha kuchanua, na maua yaliyoachwa kwa ajili ya mbegu yalikuwa yamekauka. Upande wa kulia haukuwa umekanyagwa. Mama alikuwa amekaa mkekani akipasua vikombe vya maua kwa vidole, akitenganisha mbegu nzima na mapepe kwa kuzigusa tu.

Alifunga mbegu katika kipande cha kanga akanikabidhi. Kisha akaniuliza, “Na wewe, ng'wanawane, ulipimwa lini?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 44, mtoto wa mgonjwa wa glaukoma, na kila siku nilikaa upande wa pili wa mashine. Niliporudi kazini nilimwomba mwenzangu anipime. Mishipa yangu bado ni mizima, ila natakiwa kurudi kila mwaka. Niliwaita pia ndugu zangu watatu. Kaka yetu mkubwa, ambaye hajawahi kulalamika macho, alikutwa na ugonjwa ukiwa katika hatua za mwanzo. Sasa naye anatumia matone kila jioni, na bado anaona pembe zote mbili za shamba lake.

Ndugu msomaji, ikiwa una miaka 40 au zaidi, au katika ukoo wenu yupo aliyepoteza uoni pasipo sababu kujulikana, nenda ukapimwe macho yote mawili kabla ya msimu ujao wa mvua. Ukirudi, andaa tuta.